Mpasua Kuni wa Kituo cha Pili

Shemeji yangu Arnfinn hakuwa mtu wa kushtuka. Mwaka ule theluji ilipoporomoka mlimani ikabeba banda lake la boti, alichungulia dirishani, akasema, "Banda limekwenda," akaendelea kula samaki wake. Kwa hiyo jioni ile ya Aprili, nilipomwona ameshika kikombe cha kahawa hewani, hakinywi wala hakiweki chini, nilijua limemfika jambo. Na mimi mwenyewe sikuwa na hali. Keki ilinikwama kooni, na jirani yangu akanipiga mgongoni mara mbili kabla sijapata pumzi.

Yote yalitokana na safari ya dada yangu Borghild, mke wake. Borghild alitaka kwenda kaskazini tangu tukiwa wasichana. Alitaka kupanda moja ya zile meli kubwa nyeupe zinazoingia hapa Skarvika kila kiangazi na kutuzibia jua, apande kule Bergen, ashuke bandari hii na ile, apite Lofoten na Tromsø, afike Rasi ya Kaskazini, kisha zije siku mbili za baharini, maji kulia na maji kushoto, mpaka visiwa vya barafu vya Svalbard. Hizo siku mbili ndizo alizozitamani. Bandari alikuwa anazitaja kwa adabu tu.

Arnfinn alikuwa mtu wa kivuko. Ujana na utu uzima wake aliumaliza akivusha magari kutoka upande huu wa ghuba hadi ule na kurudi, mpaka serikali ilipotoboa njia chini ya bahari na kivuko kikauzwa. Ameishi juu ya maji kuliko manahodha wengi na hajafika popote. Alipostaafu alihamia kwenye kuni. Kwetu mwanaume hupimwa kwa rundo lake la kuni, kama limenyooka, kama linapitisha upepo, na Arnfinn katika hilo hakuwa na mpinzani. Rundo lake lilizunguka banda, likafuata uzio, likakunja kona. Kuni za miaka minne zilikuwa zimekauka pale, na bado kila siku shoka lilikuwa linalia.

Kusema ndiko hakukuwa kwake. Ukimpa habari ya msiba alikuwa anaitikia "ndiyo," na ya harusi vilevile. Mimi nilikuwa namchokoza: "Shemeji, maneno unayawekea akiba ya nini? Hayaliwi na panya." Alikuwa anacheka kwa pua tu, basi.

Baada ya moyo wake kumsumbua na daktari kumweka hospitali wiki nzima, ndipo alipokubali safari. Majira yote ya baridi yakawa ya kupanga. Borghild alitandaza ramani ya pwani mezani, akaikandamiza kwa vikombe, na mimi nikawa shahidi wa mabishano.

"Tutaishia Rasi ya Kaskazini," Arnfinn alisema. "Svalbard hapana."

"Kwa nini?"

"Siku mbili za kutazama maji? Maji nimeyatazama maisha yangu yote."

"Hukutazama maji wewe. Ulitazama magari."

Arnfinn akafikiri. "Na kila bandari tushuke. Nisikae chumbani."

"Tutashuka kila bandari, mpaka miguu ikuume. Lakini hizo siku mbili nipe."

"Nitafanya nini humo ndani siku mbili?"

"Utakaa na mimi," dada akasema.

Nilimwona Arnfinn akitazama mlango kama anayetafuta pa kutokea. Mwisho alisema, "Tutaona," na kwa mtu yule hilo halikuwa ndiyo, lakini dada akakata tiketi za mpaka Svalbard.

Sasa kuna mambo niliyoyaona mwenyewe na akili yangu isiyaunganishe. Siku za meli, hata kama banda limejaa, Borghild alikuwa anaita, "Arnfinn, kuni za jikoni zimekwisha!" Tena anamvisha lile sweta la sufu lenye mistari, katikati ya Julai. "Kuna upepo," anasema. Kisha watembezi wanapita njia ya juu, wanasimama kwenye uzio. Arnfinn hakuwauliza kitu. Kutembea kwenye ardhi ya mtu ni haki ya kila mmoja kwetu, na mtu usiyemjua humsemeshi, ukimsemesha atadhani umelewa. Basi wao wakasimama, yeye akapasua, kiangazi baada ya kiangazi. Siku moja alipasua gogo lenye fundo, na jioni akatuambia mezani, "Wajerumani wamenipigia makofi." Kisha akaongeza, "Ni watu wenye adabu." Borghild alipaliwa na supu. Mimi nikadhani ni mfupa.

Jioni ile ya Aprili kampuni ya meli ilimleta binti mmoja kutoka Bergen, Tiril, kuja kwenye ukumbi wa kijiji kuwaonyesha waliokata tiketi picha za bandari na matembezi ya nchi kavu, ili kila mtu achague yake. Kijiji kizima kilikuja, waliokata na wasiokata, kwa sababu kulikuwa na keki bapa na jibini ya kahawia. Arnfinn alikaa mstari wa mbele kwa ajili ya moyo wake, asipande ngazi.

"Kituo cha kwanza baada ya Bergen ni Ålesund," Tiril akasema, akatuonyesha. "Na kituo cha pili, ha! hiki mnakijua." Ukutani ikatokea Skarvika, na watu wakacheka kuona paa zao. "Hapa abiria wana matembezi matatu. Boti ya ghubani. Basi la kwenda kwenye barafu. Na haya ya tatu ndiyo yanayojaa mapema kuliko yote mwambao huu, hata sisi wenyewe tunashangaa. Kwa Mpasua Kuni Asiyesema."

Akabonyeza. Ukutani, mrefu kuliko mlango wa kanisa, akasimama shemeji yangu na shoka juu, ndani ya sweta la mistari.

Niliona picha, nikamwona mwenyewe chini ya picha, nikarudia picha. Haikuniingia akilini. Nyuma akatokea Leidulf, mwenye duka, ambaye hata mazikoni hajizuii: "Arnfinn! Kumbe wewe ni kivutio cha watalii kama maporomoko ya maji! Mbona hujaniambia, ningekuja kukupiga picha!" Ukumbi ukalipuka kwa kicheko.

Arnfinn hakugeuka. "Nani aliwapa hiyo nyumba?" akamuuliza binti.

Maskini Tiril hakujua anazungumza na nani, maana picha ilikuwa ya mgongo. "Mama mwenye nyumba mwenyewe," akasema kwa furaha. "Tunafanya naye kazi miaka tisa sasa. Tena yupo hapa leo!" Akamwelekeza mkono dada yangu.

Borghild alikuwa mwekundu mpaka shingoni. Arnfinn aliweka kikombe chini taratibu, akavaa kofia, akatoka. Mlango aliufunga kwa upole, na hilo lilinitisha kuliko kama angeubamiza.

Nilimfuata dada yangu mpaka jikoni kwake nikiwa nachemka. "Umemuuza mumeo! Miaka tisa! Kama maonyesho ya ng'ombe!"

"Sikumuuza."

"Na hela za tiketi zimetoka wapi, za glavu zako za sufu unazowauzia watalii gatini?"

"Hela ni zake. Walizonilipa kampuni nilimwekea. Nilitaka zimrudie ziwe safari." Akakaa. "Jorunn, wewe una mume wa kugombana naye. Mimi nina mlio wa shoka. Watu wa kampuni walipokuja kuniuliza kama abiria wanaweza kusimama pale, nilifurahi. Angalau watu wengine wamwone."

"Ungemwambia!"

"Ningemwambia angeacha."

Nilimwambia maneno mengine ambayo sitayarudia, nikaondoka. Nilikuwa upande wa Arnfinn kabisa.

Shida ya kumnunia mtu kwa kunyamaza, wakati siku zote umekuwa kimya, ni kwamba hakuna anayejua umenuna. Tulichojua ni kwamba shoka lilinyamaza. Wiki zikapita, theluji ikayeyuka, gogo la kupasulia likaota ukungu wa kijani. Mwisho alimwambia Borghild sentensi moja: "Rudisha tiketi. Siendi." Dada hakubishana. Ramani akaikunja. Nilipopita kwake sikumkuta analia, nilimkuta ameketi na mikono mapajani, naye si mtu wa kuketi hivyo. Siku ya mwisho ya kurudisha tiketi ilikuwa mwezi Mei, na siku moja kabla yake meli ya kwanza ya msimu ikatia nanga ghubani.

Siku hiyo ya meli nikaona nisingoje tena. Nilikwenda kumbembeleza Arnfinn. Dada alikuwa gatini na glavu zake. Arnfinn nilimkuta bandani, amekaa juu ya ndoo, anatazama kuni.

"Shemeji, mchukie mkeo, lakini nenda ukamchukie Svalbard," nikasema. "Ametaka hilo tangu msichana."

"Amenifanya kinyago."

"Ndiyo. Amekukosea. Sibishi."

Kabla hajajibu tukasikia miguu njiani, kisha sauti za watu. Walikuwa wamefika. Hakuna aliyekumbuka kuiambia kampuni kwamba mpasua kuni amegoma. Arnfinn alinishika mkono nisitoke, na sisi wawili, watu wazima wenye wajukuu, tukajibanza nyuma ya rundo kama wezi wa kuku. Kupitia mianya ya kuni niliona watu kama thelathini wamejipanga kwenye uzio, na mwongoza watalii, kijana mwenye kofia nyekundu, akitazama gogo tupu kwa wasiwasi. Akafungua karatasi akaanza kusoma kwa Kijerumani.

"Anasema nini?" Arnfinn akaninong'oneza. Mimi na dada tulifanya kazi za hoteli Lübeck ujanani, Kijerumani tunakijua. Yeye hakijui.

"Anasema leo mzee labda amepumzika. Anasema atawasomea maneno ya mkewe, kama kawaida."

"Maneno gani?"

Nikamtafsiria kwa kunong'ona, kadiri yalivyokuja. "'Mwanaume mtakayemwona hapa hatawasemesha. Msiudhike, hata mimi hanisemeshi sana. Tazameni kuni zake. Zile nene ni za jiko la sebuleni. Zile nyembamba kule pembeni alianza kuzipasua majira ya baridi nilipovunjika mkono, ili niweze kuzibeba kwa mkono mmoja.'"

Arnfinn aligeuka akazitazama zile nyembamba. Mimi nikaendelea.

"'Mkono ulipona zamani sana. Yeye hajaacha kuzipasua nyembamba. Hajawahi kusema ni kwa ajili yangu, nami sijawahi kumwambia kwamba niliona.'" Kijana akageuza karatasi. "'Tangu anioe sijawasha moto kwa ukuni mbichi hata siku moja. Ndiyo mazungumzo yetu hayo. Mkipenda mpigieni makofi. Mimi naishi naye na sijui nianzie wapi.'"

Kijana alikunja karatasi. Kisha wale watu wakapiga makofi, mbele ya gogo lenye ukungu, hakuna mtu, hakuna shoka, na mwanamke mmoja mzee akawa anajifuta macho kwa kitambaa cha shingo. Nami nilikuwa nimeduwaa. Miaka tisa Wajerumani wamejua habari za dada yangu, mimi wa tumbo moja sijui.

Nilimgeukia Arnfinn. Alikuwa amekamata ukuni mmoja mwembamba, anaugeuzageuza kama kitu alichookota ufukweni.

"Aliona," akasema.

"Aliona, shemeji."

"Nilidhani hajui." Akanitazama, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyepigwa kofi. "Miaka yote hiyo, Jorunn. Nilidhani hajui."

Borghild alirudi jioni na kikapu chake. Sisi wawili tulikuwa jikoni, moto unawaka. Alitusalimu bila kututazama, akatoa bahasha ya kampuni kwenye droo ya chini na simu mkobani, akavaa miwani ili aandike ujumbe wa kufuta safari. Arnfinn alikuwa amesimama kwenye jiko, ametugeuzia mgongo, ule ule mgongo unaojulikana Ujerumani nzima.

"Zile siku za baharini," akasema.

Dada akaacha kuandika.

"Ni mbili tu?"

"Mbili," Borghild akajibu, polepole.

Arnfinn alifungua mlango wa jiko, akatia ukuni mwembamba, akaufunga. Shingo ilikuwa imemwiva.

"Waulize kama kuna meli yenye tatu," akasema.