Ubao Uliopungua Vidole Viwili

“Dada Tonka, fundi wenu ana nini? Anapima ubao uleule tangu asubuhi!” jirani yangu Perina aliniuliza, akicheka. Sikucheka. Fundi yule hupima kwa vidole huku akimnong’oneza Bikira Maria, na mabenchi ya boti ya mbao huyabadilisha moja moja, kwani ndiyo yanayozishika mbavu zake zisitanuke. Mume wangu, kwa haraka ya kuwavusha watu waende sikukuu kisiwani, alikuwa ameyang’oa yote pamoja. Sasa ubao wa benchi jipya uliokatwa jana kwa kipimo kamili ulipungua vidole viwili. Boti ilikuwa imetanuka, na boti iliyotanuka huachia mbao zake na kuingiza maji. Fundi akanisogelea. “Dada, mzuie mumeo asiishushe majini kesho. Akinifokea mimi, nitakubali tu aishushe.”