Saa Nne za Mjane Ziko Kwenye Karatasi Yangu

Mwezi wa tatu mwaka huu zilifutwa kurasa arobaini na tatu nilizoziandika kwa miaka sita. Nina miaka thelathini na sita, natokea Uru, mlimani Kilimanjaro, sijaolewa, namtunza mama yangu. Jina langu lifichwe, maana huku juu tunajuana wote.

Nilipunguzwa kazi ya uchapaji kiwandani Moshi mjini, nikajifunza kompyuta mwenyewe kwa vitabu vya kuazima. Mradi wa maji wa kijiji ulipopata kompyuta, niliwaandikia programu ya zamu za kumwagilia kwa mfereji, kwa lugha ya kompyuta iitwayo Pascal. Nilifuata mtindo niliousoma kitabuni: kila amri ya kompyuta inatanguliwa na aya ya Kiswahili inayoeleza kwa nini amri hiyo ipo. Baba yangu ndiye alikuwa mgawa maji. Alinisimulia makubaliano yote ya wazee, nikaandika. Hayakuwa yameandikwa popote pengine.

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wiki ina saa 168, na mfereji haulali. Nyumba arobaini, saa nne kila moja, ni 160. Zinabaki nane. Aya ya 29 inasema nne ni za mjane mmoja, nimwite Mama E., zaidi ya zamu ya nyumba yake, kwa sababu mfereji umekikata kihamba chake, shamba lake la migomba, katikati. Baba mkwe wake ndiye aliyeruhusu upite. Aya ya 30 inasema nne nyingine ni za baba yangu kwa kazi yake ya kugawa, na akifa zirudi kijijini.

Baba amefariki mwaka wa nne sasa. Nilisema nitaitoa ile amri ya saa zake baada ya matanga. Sikuitoa.

Mwaka huu mradi ukanunua kompyuta mpya, na mdogo wangu aliyesoma Dar akapewa kazi ya kuihamishia ile programu kwenye lugha mpya, Visual Basic. Alihamisha amri tu. Maneno yote aliyafuta, na kompyuta ya zamani ikauzwa. Nilipomuuliza alicheka. "Dada, kompyuta haisomi barua." Maneno yalipoondoka, Mama E. akaonekana ana zamu mbili bila sababu, mdogo wangu akadhani nilikosea, akafuta moja. Na sisi tulikuwa na zamu mbili. Hiyo hakuiona kosa. Ni nyumbani.

Zile saa nne kamati ya maji ikampa mjumbe wake aliyejenga karibuni. Migomba ya Mama E. ya chini ya mfereji imeanza kulala.

Jumapili iliyopita alikuja kwetu baada ya ibada. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa. Hakulalamika. Alisema kamati imemjibu kwamba wiki imejaa, labda alete maandishi. "Mwanangu, wewe ndiye uliyeandika. Kaseme tu ulichoandika."

Ninayo nakala moja niliyoichapa zamani, iko sandukuni chini ya vitenge vya mama. Aya ya 29 na ya 30 ziko karatasi moja. Nilishika mkasi, nikapima. Lakini juu ya kila karatasi niliorodhesha aya zilizomo. Nikikata ya 30 wataiulizia, na tukipoteza saa nne, mama atauza ng'ombe mmoja kati ya watatu, maana majani hayatatosha.

Nilimwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa.

"Mimi niliwapikia waliochimba mfereji huo nikiwa na mimba yako. Nani mwingine anayo hiyo karatasi?"

Nikasema hakuna.

"Basi hakuna karatasi."

Akapika, tukala. Tangu siku hiyo sijalia wala sijakasirika. Naamka, nakamua, nakwenda mjini kuuza maziwa, narudi. Mdogo wangu anauliza kama nina malaria.

Kamati inakaa Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi. Gazeti hili hutufikia Jumatano. Nishaurini wasomaji: nipeleke karatasi nzima, au niiache pale chini ya vitenge? Msiniambie nisali, nasali. Nataka jibu katika gazeti la Jumatano ya wiki hiyo ya kikao. Peleka, au acha. Neno moja linatosha.