Nyumba ya Bi Mwantumu wa Kariakoo: shemeji aliichukua mjane akiwa edani

Wakuu, habari za humu. Hii siyo chai, ni habari ya ukoo wangu, na naiandika na hasira zangu zote.

Jumamosi tulikuwa na harusi nyumbani kwetu Magomeni. Mzee mmoja, mjukuu wa Hamdani, akashika maiki: "Babu yetu Hamdani ndiye aliyejenga nyumba ya kwanza ya ukoo huu, pale Kariakoo."

Watu wakapiga makofi. Mimi sahani ya pilau nikaiweka chini.

Alijenga? Hamdani huyu huyu?

Haya, sikilizeni. Nasimulia kama alivyonisimulia bibi yangu, aliyekuwa kigoli wakati huo na yote aliyaona.

Ni enzi za Mwingereza, kabla ya vita vya Hitla. Mama yake bibi, Bi Mwantumu, alikuwa na nyumba Kariakoo. Miti na udongo, paa la makuti, vyumba sita. Aliijenga kwa kuuza vitumbua, kabla hajaolewa.

Mume ndiye aliyehamia kwake! Hilo lishikeni.

Kiwanja kilikuwa cha serikali, unakikalia kwa karatasi yenye jina lako; nyumba ya aliyejenga. Ndivyo walivyoishi pale.

Mume akafariki. Bi Mwantumu akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki nje. Eda haijaisha, ofisi ya viwanja ikatangaza: kila mwenye kiwanja aje na karatasi yake iandikwe upya, asiyekuja ananyang'anywa.

Sasa mjane wa eda anaendaje ofisini kwa Mzungu?

Akaja Hamdani, mdogo wa marehemu. Akakaa ukumbini, shemeji yake nyuma ya pazia.

"Shemeji, usihangaike. Nipe karatasi, nitakuandikisha."

Bi Mwantumu akaipenyeza chini ya pazia.

(Najua dada zangu mnasema angemtuma mwanamke mwenzake. Enzi zile karani angemsikiliza nani?)

Mnajua alichofanya? Akaandikisha jina lake mwenyewe! Halafu wiki zote zilizobaki anakuja kumjulia hali mjane, anakula vitumbua vyake, anasema mambo shwari. Mtu hana haya hata kidogo.

Siku ya kutoka eda, wenzake wa kikundi cha ngoma ya lelemama wakaja kumwogesha na kumvika kanga mpya. Wali uko motoni. Hamdani akaingia mpaka uani: "Shemeji, eda imeisha. Jumatatu wapangaji wangu wanaingia."

Bi Mwantumu hakulia. Akaenda ofisini na kanga zake mpya. Karani, Mswahili mwenzake, akafungua daftari, akamwambia kiwanja ni cha Hamdani na halifutiki jina.

"Na nyumba?"

"Nyumba ya aliyejenga, mama. Sisi tunaandika ardhi."

Akarudi kwa wenzake, akasema neno moja: "Tuibomoe."

Kesho yake asubuhi wanawake wale wakafunga kanga viunoni. Makuti yakashuka, boriti zikang'oka, mlango mkubwa ukabebwa kichwani na watu wanne, vigelegele mtaa mzima mpaka Magomeni, wakati huo bado mashamba, na huko akaijenga upya. Hamdani alipofika Kariakoo alikuta udongo na mashimo ya nguzo. Akapiga kelele za mwizi, na majirani wote wakamuuliza nani kamwibia nani.

Huyo ndiye "aliyejenga", wakuu. Nina hasira mpaka sasa!

Nilichojifunza: karatasi ya mama yako isipitie mkono wa mtu. Mpeleke mwenyewe, hata kwa kumbeba. Na habari za mitaa yetu waulizeni bibi zenu wakiwa hai, maana wakiondoka wanabaki wenye maiki.

Wenye asili ya Kariakoo, leteni mliyosimuliwa. Na mniambie kama nilikosea kunyamaza. Nilimwonea haya bibi harusi tu.

Maana yule mzee alipokuwa anahutubia, alikuwa ameuegemea mlango ule ule.