Vyombo vya Maua vya Gizella

Gizella Barkóczi alikuwa akiuza tiketi kwenye bafu la maji moto la mji wetu, karibu na mto Drava, na harufu ya kiberiti haikumtoka hata Jumapili. Hakuwa mtu wa fedha. Mumewe, Ödön, alikuwa fundi wa mabasi. Lakini ukiingia kwao ungedhani umeingia kwa bwanyenye wa zamani, kwa jinsi nyumba ilivyojaa vyombo vya maua.

Vya kioo cha kijani alivipanga kwenye dirisha la jikoni, jua la asubuhi likapita ndani yake na ukuta wa pili ukageuka bwawa. Vya udongo, vyenye midomo mipana, alivisimamisha chini kando ya ngazi. Chenye shingo nyembamba alikipa tawi moja tu. Na kile kilichokwisha kuchorwa maua hakukitia ua hata moja. "Bibi harusi umvike shela mbili za nini?" alikuwa akisema.

"Iko siku nitarudi kutoka kazini, na mimi nitiwe maji nisimamishwe dirishani," Ödön alilalamika.

"Kwa mdomo wako huo, baba, utatosha alizeti."

Walitaniana hivyo, lakini sisi majirani tulijua mapenzi ya vyombo yalikoanzia. Mimba zake ziliharibika moja baada ya nyingine, na ile ya mwisho ilipotoka akaanza kwenda kwenye gulio la vitu kuukuu, akirudi amekumbatia kitu kilichofungwa kwenye gazeti kama mtu aliyebeba kichanga. Tangu hapo pia hakukanyaga tena makaburini. Hata mazishi alisindikiza mpaka getini, akageuka.

Gulioni alikuwako mtu mmoja, Szilveszter, aliyetandika bidhaa zake juu ya blanketi la jeshi. "Malkia wangu," alimwita, "njoo, nimekufichia kitu." Alisema huvitoa vijijini kwa wazee waliokufa, ambao wajukuu wao hawataki makorokoro. Viwanda vilikuwa vimefungwa, watu walikuwa wakiuza hata vitasa vya milango, basi maneno yake yaliingia akilini. Baadhi ya vyombo vilikuja na saruji imeganda kwenye kitako. Gizella aliviloweka kwenye siki, akaikwangua kwa kisu, akavipangusa, akavitafutia mahali.

Nyumba ya mkabala aliishi Borbála, shoga yake wa miaka mingi. Mwanawe, Kornél, alizama mtoni akiwa bado mwanafunzi. Borbála alichukua chombo cha maua alichoachiwa na mama mkwe wake, kitu cha thamani kuliko vyote alivyokuwa navyo, alichokifungia chumbani mwake asikione mtu, akakijengea kwa saruji kwenye kaburi la mtoto. Msimu mmoja wa vuli akaenda na maua yake, akakuta shimo pale chombo kilipokuwa.

Alilia jikoni kwa Gizella. "Wamemwibia mwanangu, Gizella. Hata maiti wanamwibia!"

"Mikono yao ikauke," Gizella akasema, akamkumbatia. "Ikauke mpaka begani."

Majira ya baridi Szilveszter akamletea chombo ambacho hajapata kuona mfano wake. Rangi yake ilikuwa ikigeuka kama shingo ya njiwa, mara kijani, mara dhahabu, mara damu ya mzee. Gizella akakisafisha kitako, akakificha kabatini, akingojea mwezi wa Mei na sikukuu ya jina lake, siku ya kalenda ya kila aitwaye Gizella, apate kutuonyesha wote kwa mpigo.

Kwetu siku ya jina la mtu watu hawaalikwi, hujiendea. Nilikuwa nimeketi karibu na mlango, na sahani ya keki magotini. Ödön alikuwa akimimina palinka, pombe yetu kali ya matunda. Nyumba nzima ilinukia maua ya lilaki, na katikati ya meza, ndani ya chombo kile, Gizella alikuwa amesimamisha fungu kubwa kupita yote.

Borbála aliingia wa mwisho, na zawadi mkononi. Akambusu Gizella mashavu yote mawili. Halafu akaona meza.

Alisogea, akapitisha kidole kwenye ukingo wa chombo polepole, mpaka kidole kikafika mahali palipomeguka kidogo, kikasimama.

"Hapa Kornél alipiga mpira," akasema. "Alikuwa na miaka sita. Nilimchapa."

Ödön, masikini, akajaribu kucheka. "Jirani, vyombo vya namna hii viko vingi…"

Borbála akang'oa lilaki zote, akazitupa sakafuni, maji yakamwagika kwenye zulia na kwenye viatu vyetu. Akakigeuza chombo. Ndani ya ule mduara wa kitako, mahali ambapo kisu hakikufika vizuri, palikuwa na mstari wa kijivu.

"Ulikwangua kwa kisu gani, Gizella?" akauliza. "Ni hiki unachotukatia keki?"

Gizella akakiweka kisu mezani. Borbála akakikumbatia chombo chake, akatoka. Na sisi tukaweka sahani chini, mmoja mmoja, tukaondoka bila kuaga.

Jumamosi Gizella alikwenda gulioni. Szilveszter hata hakukana. "Dada, wewe ulitaka vya zamani, vizima na vya bei ya chini," akamwambia. "Walio hai hawanavyo. Uliwahi kuniuliza?" Wiki iliyofuata lile blanketi halikuonekana, na halijaonekana tena mpaka leo. Polisi walisikiliza wakipiga miayo.

Ödön alimkuta mkewe jikoni amevipindua vyombo vyote, vitako juu, meza nzima mpaka sakafuni. "Hukujua," alimwambia. "Nitamwambia kila mtu kwamba hukujua."

"Niliona saruji, Ödön. Niliiona kila mara. Mtu hajengei saruji chombo cha sebuleni."

Akavipeleka uani, akavipanga juu ya mbao ndefu, akamwomba padri atangaze kanisani kwamba aliyeibiwa aje atazame. Watu walikuja. Mwanamke mmoja alikitambua cha dada yake, akakichukua, akatema mate mbele ya miguu ya Gizella. Mzee Vendel, ambaye macho yalikuwa yamekwisha, alipapasa kimoja muda mrefu. "Nadhani ni cha Mariska wangu," alisema. "Au sicho. Sijui, mwanangu."

"Chukua, baba. Ni chako."

Walikuja pia ambao hawakuibiwa chochote. Walichukua hata vya kioo vya dirishani, vilivyonunuliwa kwa haki kutoka kwa wenyewe. Ödön alisimama mlangoni akimnyooshea mmoja kidole. "Kile kilikuwa cha bibi yako! Mwambie!"

"Waache wachukue," akasema Gizella.

Msimu wa vuli, sikukuu ya wafu ilipokaribia, alivuka geti la makaburi kwa mara ya kwanza tangu mimba ile ya mwisho. Alianza kung'oa magugu kwenye makaburi yasiyo na wa kuyatunza, kisha akafika kwa Kornél, akapiga magoti. Borbála alimkuta hapo, mikono imejaa udongo.

"Ondoka."

"Borbála, nakuomba…"

"Sitaki unisafishie. Sitaki umguse. Ondoka."

Akaondoka. Waliendelea kuishi mkabala, barabara nyembamba katikati yao, na mmoja akitoka kufagia theluji mwingine alingoja ndani. Gizella hakuweka ua tena nyumbani mwake. Bafuni walimhamishia chumba cha mashuka, kwa sababu wateja walikuwa wakitupa pesa dirishani ili wasiguse mkono wake. Alinyauka taratibu. Daktari alitaja moyo.

Tulimzika mwezi wa pili, ardhi ikiwa ngumu kiasi kwamba wachimbaji walitumia sururu. Hatukuwa wengi. Borbála alifunga mapazia yake. Ödön alisimamisha maua ndani ya kopo tupu la matango ya siki, akalikandamiza kwenye udongo ili upepo usiliangushe, lakini udongo ulikuwa umeganda, na kopo likawa linalala kila anapoliachia. Mwishowe akachuchumaa, akalishika kwa mkono, akakaa hivyo mpaka tulipokwenda kumwinua.