Kinanda Kilichotoweka Kwenye Santuri

Mama alipofariki, mimi na binti yangu tulikwenda Kaaga kutoa vitu katika nyumba ya wazazi wangu, kwa sababu ilikuwa imepata mpangaji. Binti ndiye aliyepanda darini. Alishuka na kitu bapa kilichofungwa kwa shuka kuukuu, nami nikakijua kabla hajakifungua. Ilikuwa santuri ya baba.

Kwenye jalada, vijana wanne wenye makoti marefu wamesimama katika bustani iliyokauka, na hakuna hata mmoja anayetabasamu. Baba alipewa santuri hiyo na mwalimu mgeni aliyekuwa akirudi kwao, enzi ambazo baba mwenyewe alikuwa akifundisha na kuongoza kwaya ya kanisa. Sisi tulikua nayo. Jumapili mchana, majirani walipokuwa wakisikiliza redio, kwetu kulisikika fidla, tarumbeta na waimbaji wenye sauti za huzuni. Kulikuwa pia na kinanda cha ajabu. Baba alinieleza kwa Kimeru kwamba kina nyuzi kama piano, ila ukibonyeza, kitu kama ukucha hudonoa uzi. Mlio wake ulikuwa kama punje za mahindi makavu zikidondoka kwenye sinia. Mimi niliusubiri wimbo wa tatu, ambao kinanda hicho kiliuanza peke yake.

Nilipokuwa shule ya bweni, nilirudi likizo moja nikakuta santuri haipigwi tena. Mama aliniambia imechakaa. Baba alisema kinanda kimefutika, hakimo tena, na hakuona maana ya kusikiliza kitu kilichoharibika. Hakuna aliyembishia.

Miaka iliyofuata alibadilika. Aliacha kwaya, akidai waimbaji wanameza maneno makusudi. Mezani alituuliza tunanong'ona nini. Alikosana na mdogo wake, ambaye shamba lake limepakana na letu, na walikaa miaka bila kusalimiana hadi baba alipozikwa. Watu walisema ni kiburi. Mimi pia nilisema hivyo.

Tukiwa njiani kurudi Embu, binti yangu aliitafuta ile santuri kwenye simu. Ana miaka ishirini na sita na anapenda muziki wa zamani kuliko mimi. Alinisomea kwamba ilipotoka miaka ya sitini karibu hakuna aliyeinunua, na kundi lenyewe likavunjika. Sasa kuna watu huko ng'ambo wanaoitafuta kila mahali na kuandika kurasa nzima kuhusu fidla zake. Alicheka akisema kwamba muda wote huo ilikuwa kwetu, imelaliwa na panya.

Nyumbani kwetu, katika mtaa wa Majimbo, binti yangu ana gramafoni ndogo. Fundi mmoja wa redio karibu na soko alimbadilishia sindano, na Jumamosi iliyofuata, baada ya chakula cha mchana, tukaiweka santuri. Fidla zilianza, kisha tarumbeta. Nilitokwa na machozi, kwa sababu nilikuwa nimesahau kwamba niliwahi kuwa mtoto katika nyumba yenye muziki. Ukaja wimbo wa tatu.

Sikusikia kitu. Niliona santuri ikizunguka na sindano ikitembea, lakini chumba kilikuwa kimya. Nikamwambia binti yangu kwamba babu yake hakukosea, kinanda kimefutika kweli.

Aliinamia gramafoni, akatega sikio.

"Mama," alisema, "kinapiga sasa hivi."

Nilidhani ananitania. Akaanza kugonga meza kwa kidole, akifuata noti moja baada ya nyingine, haraka haraka, bila kuniondolea macho. Nilikitazama kile kidole hadi fidla ziliporudi.

Mimi huandika kumbukumbu za mikutano katika ofisi moja hapa mjini. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikosea, na nilikuwa na hakika kwamba wenzangu hupunguza sauti ili niaibike mbele ya mkubwa. Nilikuwa nimeandika barua ya kuomba uhamisho. Jumamosi hiyo barua ilikuwa bado kwenye mkoba wangu, na nilipoisoma upya niliona mwandiko ni wangu lakini malalamiko yote yalikuwa ya baba.

Daktari wa masikio aliniketisha katika kijumba chenye kioo, akanivalisha spika masikioni na kunipa kitufe. Nibonyeze kila nitakaposikia mlio, hata uwe mdogo namna gani. Nilibonyeza mara kadhaa. Kisha milio ikaisha, nami nikasubiri kipimo kiendelee. Kupitia kwenye kioo nilimwona muuguzi akigeuza swichi, akininyanyulia macho, akiandika, akigeuza tena. Nilichukua muda kuelewa kwamba hakuwa amesimamisha chochote. Alikuwa akinitumia sauti muda wote ule.

Daktari alinionyesha mchoro wenye mstari uliokwenda sawa kisha ukaporomoka. Alisema sauti nyembamba na hafifu ndizo hutangulia kupotea, na kwamba nyingine zitafuata, ingawa hakuweza kuniambia ni lini. Akauliza ni nani mwingine katika ukoo mwenye tatizo hilo. Nilimtaja baba. Akauliza kama nina watoto.

Kabla ya jambo lolote nilirudi Kaaga kumwona baba mdogo. Nilimkuta akianika kokwa za makadamia uani. Nilimweleza polepole kwamba baba hakuwa na kiburi, kwamba huenda hakuwa akisikia tangu zamani kuliko tulivyojua, na kwamba mimi pia ninaelekea huko. Aliendelea kusawazisha makadamia kwa kiganja, kisha mkono ukasimama.

"Nilikuja kumwomba msamaha," alisema. "Alikuwa anapalilia, amenipa mgongo. Nilimwita mara tatu. Nikasema basi, amenikataa."

Alinisindikiza hadi barabarani, akawa anaongea nami kwa sauti kubwa mno, kama mtu anayeongea na aliye ng'ambo ya bonde, na hilo liliniuma kuliko alivyojua.

Sasa navaa vifaa vya kusikilizia. Barua niliichana. Wenzangu ofisini hugeuka kunitazama wanapozungumza, na mikutano imekuwa mirefu zaidi kwa ajili yangu. Kinanda nimekisikia tena, ingawa kupitia vifaa hivyo ni kikali, kama waya unaokwaruza bati, na sikiombi mara kwa mara.

Binti yangu hajaenda kupimwa. Mwanzoni alisema ana kazi nyingi, kisha akasema atakwenda mvua zikipungua, na mvua zimepungua. Anasema anasikia vizuri, na ni kweli kwamba alisikia kile ambacho mimi sikukisikia. Nami pia katika umri wake nilisikia kila kitu.

Juzi alikuwa ameketi barazani akitazama mtaa. Nilimwita kutoka jikoni, kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nywele zilikuwa zimemfunika masikio, na huenda alikuwa amevaa vile vidude vyake vya kusikilizia muziki. Nilisimama mlangoni na kijiko mkononi. Sikusogea karibu kuangalia.