Bibi Aliyefishwa kwenye Insha

Mwalimu Beatha aliwadharau watu kwa haki, bila kumpendelea yeyote. Aliwadharau wazazi waliodhani udaktari ni mshono unaoagizwa kwa fundi. Aliwadharau watoto waliokariri moyo wa chura kana kwamba wao wenyewe hawana moyo. Zaidi ya wote alimdharau Kassimu.

Huyo Kassimu, Beatha mwenyewe ndiye aliyemfundisha biolojia, mjini Same, na katika mtihani wa kidato cha nne kijana aliandika kwamba kazi ya ini ni kumpa mtu uchungu. Sasa alikuwa na ofisi karibu na stendi, yenye mlango wa kioo na bango la USHAURI WA VYUO VYA NG'AMBO. Alichokiuza kilikuwa hiki: huko Amerika kuna vyuo vinavyomchukua kijana akitoka sekondari, vikamsomesha shahada ya kwanza na udaktari kwa mkupuo mmoja, asiombe nafasi mara mbili. Vyuo hivyo vipo kweli, na hilo ndilo lililomkera Beatha. Uongo mtupu ungekuwa rahisi kuukanusha.

Waliomchukia walisema ana kijicho, kwamba alitaka udaktari akakosa. Si kweli. Beatha alikuwa haiwezi damu. Hata kuku wa Krismasi akichinjwa nyumbani kwake Mhezi, huko milimani, yeye huenda kwa jirani kuulizia habari za mvua. Alistaafu ualimu, akarudi kwenye migomba na maharage yake, na angebaki huko kama wateja wa Kassimu wasingechoka kukataliwa na vyuo. Walipoanza kunung'unika, Kassimu alipanda mlima akiwa na kilo za sukari mkononi.

"Mwalimu, wewe uwapime tu. Useme nani ana nafasi na nani hana. Watu wanakuamini."

"Nitasema ninachokiona."

Kassimu akacheka, akidhani ni mzaha.

Haukuwa mzaha. Kila siku ya gulio Beatha alishuka Same, akaketi nyuma ya meza ya Kassimu na kuwarudisha watu makwao. Mtoto wa mchungaji aliambiwa ana bidii ya kondoo: anafuata tu. Mama mmoja aliyesema binti yake ana wito alijibiwa kwamba wito wenye F ya kemia umekosea nyumba. Kassimu alikuwa akijikuna kichwa pembeni, lakini wazazi walizidi kuja. Ajabu ya watu ni hiyo. Ukiwatukana vizuri, wanadhani wewe ni mtaalamu.

Ndipo akaja Rashidi, mfanyabiashara wa saruji na mabati wa pale barabara kuu, na binti yake Safia, aliyekuwa amemaliza kidato cha sita.

"Shikamoo, madam," alisema Safia.

"Marahaba. Lete matokeo."

Biolojia A, kemia A, fizikia B. Beatha akayaweka chini.

"Kwa hapa nchini, yanakutosha. Huko wanaomba maelfu wenye A tupu, na wanaochukuliwa hawajazi basi moja. Vyuo vingi mgeni havimtazami kabisa. Vinavyomtazama vinauliza jambo moja: huyu mtoto wa miaka kumi na tisa anajuaje kwamba anataka kukaa na wagonjwa maisha yake yote? Alama haziwezi kulijibu."

"Ndiyo maana kuna insha," alidakia Kassimu, akamsogezea karatasi zilizoandikwa kwa Kiingereza cha kupaka mafuta.

Beatha akasoma. Bibi yake Safia, mwanamke mtakatifu wa kando ya Ziwa Jipe, anakata roho mikononi mwa mjukuu wake kwa kukosa daktari. Maneno yake ya mwisho ni kwamba mjukuu akawe tabibu wa wanyonge.

"Bibi yupi huyu? Zaituni?"

"Ndiyo, madam."

"Juzi nilimwona sokoni akigombana na muuza perege."

Safia aliinamisha kichwa. "Hajafa, madam. Kaka Kassimu alisema akifa ndiyo itagusa."

"Nani amekufa?" aliuliza Rashidi, ambaye Kiingereza kilimpita kando. Alipoelezwa, macho yalimtoka. "Mama yangu mzazi?"

"Mzee, ni kwenye karatasi tu," alisema Kassimu.

Rashidi alivuta pumzi. Akamtazama Kassimu, akaitazama ile insha, akafikiri. "Sasa, kwani inasaidia?"

Beatha, aliyekuwa karibu kumwonea huruma, akairudisha huruma yake ilikotoka. Akawaamuru wanaume wote wawili watoke nje. Kassimu alitii kabla hajakumbuka kwamba ofisi ni yake.

"Wewe," Beatha alimwambia Safia, "mara ya mwisho kumwona mgonjwa ni lini?"

"Leo asubuhi."

Kumbe Zaituni alikuwa na sukari, na kidonda mguuni kilichokataa kupona. Tangu arudi kutoka shule ya bweni, Safia ndiye aliyekisafisha na kukifunga kila siku, kama alivyoelekezwa na muuguzi wa kliniki. Siku ya kwanza alitapika. Siku zilizofuata alijifunza kutazama kingo za kidonda: zikiwa na wekundu mbichi, anafurahi, zikiwa na weusi, anamlazimisha bibi aende kliniki, na bibi anamtukana njia nzima. Alieleza usaha, akaeleza harufu, akaeleza nyama iliyokufa inavyotolewa, mpaka Beatha akashika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Basi, basi! Kwa nini hukuandika hayo?"

"Yananuka, madam."

"Hii ya Kassimu inanuka zaidi. Sikiliza. Ulipoingia hapa hukuwa na nafasi. Sasa unayo, ndogo. Usije ukachanganya ndogo na tele. Kaandike upya, peke yako, na mwakani dirisha la vyuo vya hapa nchini likifunguliwa unaomba pia. Kama hutaki hilo la pili, usirudi."

Safia aliandika. Maombi yakaenda kwenye vyuo vichache vilivyokubali wageni, na majibu yakaanza kurudi: hapana, hapana, hapana. Beatha hakushtuka, alikwisha sema. Kisha chuo kimoja kikamwita kwenye usaili, kwa njia ya kompyuta.

Siku hiyo Beatha alishuka kutoka Mhezi amevaa nguo za kanisani, ingawa hakuna aliyemwita wala ambaye angemwona. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, huko Amerika asubuhi. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango wa kioo na kumsikia Safia akieleza, akiulizwa, akieleza tena, kisha watu wote wakicheka pamoja. Hapo kitu kikamwingia. Wakati wa kurudi alimweleza abiria aliyekaa naye, mtu asiyemjua, kwamba kuna mtoto wa Same anakwenda Amerika kusomea udaktari.

Jibu lilikuja baada ya Pasaka. Liliandikwa kwa adabu, limejaa shukrani, na lilikuwa hapana.

Beatha alikasirika kuliko Safia. Hakuwakasirikia Waamerika, wao walifanya sawasawa na alivyotabiri. Miaka yote aliwacheka wazazi kwa ugonjwa wa kutumaini, na sasa ulikuwa umemshika uzeeni, bila chanjo. Alijidharau kwa wiki nzima, na alijua kudharau vizuri.

Alipopita dukani kwa Rashidi, mwenye duka alimlipukia mbele ya wateja. "Mwalimu, umeniharibia mtoto! Ungemwacha mama yangu afe kwenye ile karatasi, Safia sasa hivi angekuwa Amerika!"

"Baba Safia, mama yako huyo nyuma yako anakusikia."

Zaituni alikuwa ameketi katikati ya mifuko ya saruji, mguu uliofungwa bandeji nyeupe ukiwa juu ya kiti. "Mwache aseme," alisema kwa utulivu. "Ujinga wake hakuutoa kwangu. Aliutoa kwa baba yake." Wateja wakaangua kicheko, na Rashidi akakumbuka kazi aliyoiacha stoo.

Mwezi wa saba dirisha lilipofunguliwa, Safia aliomba, na akachaguliwa kusomea udaktari hapa hapa nchini. Kabla hajasafiri alikwenda Mhezi kuaga, na Beatha akamfungia mkungu wa ndizi ambao msichana asingeweza kuubeba.

Hazikupita siku nyingi, picha ya Safia ikaonekana kwenye mlango wa Kassimu, na chini yake: MTEJA WETU, DAKTARI MTARAJIWA.

"Ibandue," Beatha alimwambia.

"Mwalimu, amefika kwenye udaktari, hajafika?"

"Wewe hukumfikisha hata stendi, na stendi hiyo hapo."

Kassimu hakuibandua. Beatha akaacha kwenda kwenye ofisi ile, akijua fika kwamba picha itamletea mpumbavu yule wateja wengi kuliko mvua inavyoleta kumbikumbi.

Lakini wapo waliouliza kwanza ni nani hasa aliyemsaidia Safia. Hao walipanda mlima wenyewe, wakihema, wakiwa na watoto na matokeo kwenye bahasha, na kumkuta shambani. Beatha aliwasikiliza akiwa ameinama kwenye maharage. Hakuwakaribisha kivulini, wala hakumwambia yeyote kwamba ana nafasi nzuri. Wengi waliteremka wamenuna. Lakini mtoto mmoja mmoja Beatha alimwambia arudi wiki ijayo, aje peke yake, bila baba.