Msiba Niliopanda Nao Mwambani

Tarehe 11 Juni, saa nne asubuhi, nilimpoteza mume wangu. Alianguka mlangoni kwetu Kigera, Musoma, akitoka kuoga, na kabla gari halijapatikana alikuwa ameshakata roho. Mimi sikuwepo. Nilikuwa Chennai, kusini mwa India, nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Binti yetu wa miaka kumi na sita alikuwa na siku ya tatu tangu abadilishiwe valvu ya moyo.

Shemeji alinipigia simu. Nilimjibu neno moja, "Mzikeni," nikakaa chini palepale. Walimzika kwao Butiama bila mke wala mtoto.

Daktari alisema mtoto asishtuliwe, moyo upate nguvu kwanza. Basi nikadanganya. Kila alipomuulizia baba yake, nilisema yuko kijijini Nyamuswa kwenye ng'ombe na mtandao unasumbua. Mimi ni muuza dagaa wa soko la Mwigobero, nimeishia darasa la saba, na nimewahi kuuza dagaa wenye mchanga nikaapa ni wasafi. Lakini uongo huu ulinichoma. Na kwetu wafiwa hunyoa nywele. Angefika nyumbani akute ukoo mzima una vipara, ajue kwa macho. Ilibidi nimwambie kabla ya kusafiri. Je, moyo ule ungestahimili? Sikujua.

Siku zetu za mwisho huko, baada ya wiki kadhaa za kupona, dereva aliyekuwa akitupeleka hospitali alituambia anakwenda kwao kusini zaidi, twende naye tukaone mahekalu ya zamani. Daktari alikubali. Binti alifurahi.

"Mama, tusirudi Musoma tumeona sindano tu."

Tukasimama Kanchipuram, tukasimama Thanjavur. Sijawahi kuona mawe yamepandishwa juu namna ile kwa mikono ya watu. Viatu unaviacha mlangoni, na mawe ya uani yana moto, tulirukaruka kama kuku. Mimi mtu wa kanisani niliona woga, nikabaki uani nikiomba kimyakimya kwa Mungu wangu. Kila hekalu nilitaka kusema. Kila hekalu nilimeza.

Siku ya tatu tukafika Tiruchirappalli, penye hekalu juu ya mwamba mkubwa katikati ya mji. Chini ya ngazi nikaona familia nzima imenyolewa, bibi, baba, mama na kitoto, vichwa vimepakwa kitu cha njano. Sikujizuia. Nilimshika yule bibi mikono yote miwili nikalia.

"Pole mama. Poleni sana jamani."

Bibi alinitazama, akanifuta machozi kwa ncha ya sari yake, akanipa ndizi. Dereva alikuwa anacheka. Akamweleza binti yangu kwa Kiingereza, naye akanitafsiria.

"Mama, hawajafiwa! Mtoto wao alikuwa anaumwa, amepona. Wametoa nywele kushukuru. Umewalilia watu wenye sherehe!"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaacha.

"Ila mama, ulikuwa unalia nini hivyo?"

"Twende juu," nikasema.

Ngazi zile ni zaidi ya mia nne. Kabla ya upasuaji, mtoto huyu alikuwa hawezi kutoka barabarani mpaka mlangoni kwetu bila kuchuchumaa mara mbili. Sasa alikuwa mbele yangu.

"Njoo! Muuza dagaa gani hana pumzi?"

Juu, mimi ndiye niliyekuwa nahema. Yeye alisimama kwenye upepo akitazama mji. Nikaweka kiganja kifuani pake, juu ya kovu. Valvu ile ya chuma ilikuwa inagonga taratibu kama saa ya ukutani.

"Baba yako amefariki. Tangu tarehe kumi na moja. Nilikudanganya."

Akapiga yowe la kwetu, la msibani, mpaka watu wakageuka. Sikuondoa kiganja. Valvu ilikimbia, ikakimbia, kisha ikarudi mwendo wake. Haikuruka hata mara moja. Nasema kweli, nililia naye, na ndani yangu nilikuwa nashangilia.

"Wamenyoa?" akauliza baadaye.

"Wote."

Tuliposhuka tulitafuta kinyozi wa mtaani, mbali na hekalu, wa mashine, akatunyoa wote wawili. Binti anatumia dawa ya kuzuia damu isigande, wembe ungemletea balaa.

Tulipofika Butiama, alikataa bodaboda. Alipanda mwenyewe kilima cha kwa babu yake bila kusimama, akalia kaburini, akainuka. Wifi yangu alikuwa anatungoja uani na wembe na beseni la maji. Akatuvua vitambaa vya kichwani.

"Haa! Nani kaniwahi?"

"Mhindi, shangazi. Na poda katupaka."

Wifi alicheka huku machozi yanamtoka, akamwaga yale maji kwenye migomba.